Mtandao wa Vihisi Nao Unataka Mwenyewe

Tangu Kimbunga Hidaya kilipotusogelea mwanzoni mwa Mei 2024, boti zikasimama kati ya Unguja na Dar es Salaam, hoja ya kuipima bahari na ardhi ya visiwa hivi kwa karibu zaidi imepata wasikilizaji. Umoja wa Mataifa ulishatangaza mwaka 2022 kwamba hadi kufikia 2027 kila mtu duniani awe anafikiwa na tahadhari za mapema, na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar imeutanguliza uchumi wa buluu katika mipango yake. Ndani ya mazungumzo hayo imeingia mitandao ya vihisi, yaani vifaa vidogo vya kupimia, visivyo na waya, ile inayojipanga yenyewe. Maelezo yake yanavutia kweli. Unatawanya visanduku vidogo ufukweni, kwenye mikoko na visimani, kila kimoja na betri yake na redio yake. Vinatafutana, vinachagua njia ya kupitishia vipimo hadi kituo cha kupokea, na kimoja kikifa vilivyobaki vinatafuta njia nyingine bila fundi kuitwa. Anayesikia hivyo kwa mara ya kwanza hudhani amepata mlinzi wa mazingira asiyelala wala kudai mshahara.

Maoni yangu ni kwamba tunaisifia teknolojia hii kwa jambo lisilotufaa sana. Kujipanga kunatatua tatizo moja tu, la njia ya ujumbe kutoka kihisi hadi kituo. Yanayoua mitandao hii ni mengine: chumvi, betri, kipimo kinachopotoka kidogo kidogo, umeme wa kituo, na kubwa kuliko yote, kukosekana kwa mtu ambaye kazi yake inaharibika siku kipimo kisipofika. Tukinunua akili ya vifaa tukayaacha hayo, tutakuwa tumenunua visanduku. Vihisi vichache vilivyowekwa penye uamuzi wa kufanywa leo au kesho, vikiwa na mtu wa shehia anayelipwa kuvitunza, vitatufaa kuliko mamia yaliyotawanywa.

Wazo lenyewe si geni. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Kristofer Pister wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alipata fedha za utafiti za jeshi la Marekani ili kutengeneza vihisi vidogo mno, alivyoviita vumbi lenye akili. Mwaka 2002 watafiti wa Berkeley na wenzao waliweka vifaa 32 katika kisiwa cha Great Duck, jimbo la Maine, baadhi yake ndani ya mashimo ambamo ndege wa baharini hutagia. Sababu yao ilikuwa nzuri, kwa kuwa mtu akiingia mara kwa mara kwenye viota ndege hukimbia, na kifaa kidogo kikikaa kimya hawakijali. Mwaka 2003 kikatoka kiwango cha redio za nguvu ndogo, IEEE 802.15.4, na mwaka 2012 ikachapishwa RPL, kanuni ya kupanga njia katika mitandao ya vifaa dhaifu. Namna vinavyofanya kazi inafanana na siku ya kumwaga zege: makarai yanapitishwa mkono kwa mkono kutoka kwenye mchanganyo hadi juu ya dari, na mmoja akichoka mstari unasogea kuziba pengo. Ila yule aliyesimama karibu kabisa na dari hupitisha makarai ya wote. Ndivyo ilivyo kwa kihisi kilicho jirani na kituo. Kinabeba vipimo vyake na vya wenziwe, betri yake inakwisha mapema, na kikizimika walioko nyuma yake wote wanaweza kukatika hata kama wao ni wazima. Udhaifu huo umo katika maumbile ya mtandao wenyewe, na kinachoweza kufanywa ni kuupunguza makali.

Rekodi ya majaribio ya mwanzo inafundisha kuliko vipeperushi vya wauzaji. Great Duck, unyevu uliingia kwenye visanduku, vihisi vya unyevu vikaanza kutoa vipimo vya ajabu, na vifaa vilivyotoa vipimo hivyo vikawa mara nyingi ndivyo vinavyofuata kufa. Uholanzi, watafiti walitandaza zaidi ya vifaa 100 katika shamba la viazi mwaka 2005, na mwisho wa kazi wakaondoka na kama asilimia 2 ya data waliyoitarajia. Mwaka huohuo timu ya Harvard iliweka vihisi 16 kwenye volkano ya Reventador, Ekuador, kwa siku 19. Waliambulia mitikisiko 230, mafanikio makubwa, lakini chanzo kikuu cha kukatika kwa mtandao wao hakikuwa mlimani. Kilikuwa umeme wa kituo cha kupokea. Vifaa vya betri viliendelea kufanya kazi juu ya volkano huku kompyuta iliyokuwa ndani ya nyumba ikizimika. Sisi tuliokaa gizani Unguja nzima kwa takriban miezi mitatu, kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, kwa hitilafu ya njia moja ya umeme kutoka bara, hatuhitaji kuelezwa sana maana ya hilo.

Hao wote walikuwa wahandisi waliobobea, na walikuwepo pale pale na zana zao. Sasa tuje kwetu, kwenye jambo ambalo viazi vya Uholanzi havikuwa nalo: maji kujaa na kupwa. Wakati wa bamvua, maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti kati ya kujaa na kupwa hapa hukaribia mita 4. Pwani ya mashariki, Chwaka, Paje, Jambiani, bahari huondoka ikaacha uwanda mpana wa mchanga na majani, na saa sita baadaye palipokuwa njia ya miguu panapita ngalawa. Mawimbi ya redio ya vifaa hivi hayapenyi maji ya chumvi. Kwenye masafa ya gigahezi 2.4, ambayo hutumika sana, sentimita chache za maji ya bahari zinatosha kuyameza. Maana yake ni kwamba kihisi kilichofungwa kwenye kigingi cha mwani kinapotea mtandaoni mara mbili kila siku na kurudi mara mbili, na jirani zake hawapotei wakati uleule, kwa sababu kila kimoja kimesimama kwenye kina chake.

Mtandao unaojipanga unalionaje hilo? Unaliona ni msiba. Kanuni nyingi za namna hii zinatumia utaratibu uitwao Trickle, uliobuniwa Berkeley na kutangazwa mwaka 2004. Hali ikitulia vifaa husemezana kwa nadra sana ili kuhifadhi betri. Hali ikibadilika vinaanza kusemezana kwa wingi mpaka vikubaliane upya. Hekima yake ni kubwa mahali ambapo mabadiliko ni nadra. Kwenye uwanda wa Paje mabadiliko ni mara nne kwa siku, daima dumu, na ukitupa kule mtandao uliotoka dukani utatumia betri zake kuombolezana vifaa ambavyo havijafa. Kinachohitajika ni programu inayojua kwamba bahari inarudi. Majedwali ya maji hutolewa mapema, kwani mwendo wa mwezi na jua unajulikana kwa miaka ijayo. Kihisi kinaweza kupewa jedwali lile, kikalala kikifunikwa, kikahifadhi vipimo tumboni, na kuzungumza maji yakipwa tu. Na hapa jiografia imetusaidia: kupwa kwa bamvua kwetu huangukia kati ya saa nne na saa tano za asubuhi, wakati ambao wakulima wa mwani wako kwenye vitalu vyao hata hivyo. Kazi hiyo ya programu haiuzwi kwenye boksi. Ni kazi ya mwaka wa mwisho ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) wakishirikiana na Taasisi ya Sayansi za Bahari, na ningependa kuona fedha zikienda huko kabla ya kwenda kwenye kontena la vifaa.

Wapo wanaosema hatuhitaji vihisi hata kidogo kwa kuwa setilaiti zinatosha. Hoja hii ina uzito kuliko inavyoonekana. Aprili 2024 shirika la bahari na anga la Marekani, NOAA, pamoja na wenzake walitangaza tukio la nne la dunia la kupauka kwa matumbawe, na sehemu kubwa ya ushahidi ilitoka angani. Kwa mwamba ulio kwenye bahari wazi, setilaiti inakupa picha ya kutosha bila kulowana. Lakini ramani za joto zinazotumiwa kufuatilia matumbawe zina vipande vya kilomita 5. Maji ya kina kifupi yaliyopo kati ya ufukwe na mwamba, ambamo mwani hulimwa, yote yanamezwa ndani ya kipande kimoja pamoja na bahari kuu na pengine nchi kavu. Joto linaloua mwani aina ya cottonii liko kwenye maji ya magotini saa tano asubuhi, na hilo setilaiti hailioni.

Hoja ya pili ndiyo inayonisumbua zaidi, na sina hakika kwamba wauzaji wa mitandao wanaweza kuijibu. Inasema: funga kipimajoto kidogo chenye kumbukumbu kwenye jiwe, kiache miezi sita, kirudie, soma data. Hakina redio wala kituo wala cha kujipanga, na watafiti wa matumbawe wamekitumia kwa miongo. Kama lengo ni utafiti wa mabadiliko ya miaka, nakubali moja kwa moja kwamba kifaa hicho kinaushinda mtandao kwa bei na kwa uhakika. Tazama kipimo cha usawa wa bahari katika bandari ya Unguja. Kumbukumbu zake zinaanzia mwaka 1984 na zinatumiwa na wanasayansi wa dunia nzima wanaochunguza kupanda kwa bahari. Thamani yake yote imetokana na kukaa pale pale na kuangaliwa mwaka baada ya mwaka. Redio ina maana pale tu ambapo kungoja miezi sita ni hasara, yaani pale ambapo kuna mtu atakayefanya jambo leo kwa sababu ya kipimo cha leo.

Ukikiweka kipimo hicho cha uamuzi, orodha ya matumizi inapungua haraka. Uchafu wa maji ya bahari mbele ya Mji Mkongwe, ambao ungependa sana kuujua kabla ya watoto kurukia Forodhani, haupimwi na vihisi hivi, kwa sababu vijidudu vya kinyesi bado vinataka maabara. Mwani ni mgumu zaidi kuliko watu wanavyodhani. Kilimo chake cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, kikawapa maelfu ya wanawake fedha ya mkononi, na sasa sehemu kubwa ya mavuno inatoka Pemba. Cottonii, yenye bei nzuri, imekuwa ikishindwa kwenye maji ya kina kifupi, na wakulima wengi wamebaki na spinosum yenye bei ndogo. Tuseme kihisi kimempelekea mkulima ujumbe kwenye simu kwamba maji yamepata moto kupita kiasi. Afanye nini? Kuhamia kina kirefu kunataka chombo na kujua kuogelea, na wanawake wengi wa mwani hawana chombo na hawakufundishwa kuogelea. Avune mapema, apate mwani mchanga wa bei ya chini. Bila chombo, ujumbe ule unamletea habari ya hasara yake kabla hajaiona kwa macho. Ndiyo maana sikubaliani na wanaoanza na vihisi kwenye mwani kisha wakaahidi kwamba mengine yatafuata. Anza na mashua na mafunzo ya kuogelea, kisha kipimo cha joto kitapata pa kusimama.

Ipo pia hoja dhaifu kuliko zote, na kwa bahati mbaya ndiyo inayosikika zaidi: kwamba mtandao unaojitibu hauhitaji watu, na kwa hiyo gharama yake ni ya mara moja. Kujitibu huko ni kwa njia za ujumbe tu. Kihisi cha chumvi kilichoota ukoga na vigamba vya bahari hakifi. Kinaendelea kutuma namba, na mtandao unaipitisha namba hiyo ya uongo kwa uaminifu kamili. Hakuna kanuni ya kupanga njia inayoweza kujua kwamba kihisi kimechafuka. Anayejua ni mtu anayekuja na brashi, maji safi na kimiminika cha kusahihishia kipimo, kila wiki mbili au tatu katika maji yetu ya vuguvugu. Tena mtandao mzuri unaweza kuficha ugonjwa: kwa vile vifaa vinazibiana mapengo, mwangalizi aliyeko mjini anaona data inaingia na hajui kwamba nusu ya vifaa vimekwisha. Siku njia ya mwisho inapokatika, vinaonekana vimekufa vyote kwa pamoja. Kwa hesabu yoyote ya uaminifu, bei ya kununua ni sehemu ndogo ya gharama, na kubwa ni miguu ya watu.

Katika kijiji kimoja cha pwani ya mashariki niliwahi kuona nguzo yenye kisanduku cheupe na antena fupi. Niliuliza. Mzee mmoja akasema ni cha hoteli. Kijana akasema kinahesabu wageni. Hakuna aliyekuwa na chuki nacho, wala sababu ya kukijali. Watu wanaohofia wizi wa vifaa wangeanza hapo. Kifaa ambacho sheha, bwana diko anayesimamia wavuvi na kamati ya shehia hawajui kinampa nani faida kinalindwa na bahati tu.

Mahali ninapoona teknolojia hii ikilipa ni visimani. Sehemu ya mashariki ya Unguja ni ardhi ya mawe ya tumbawe, mvua inazama moja kwa moja, na maji matamu yanaelea chini kwa chini juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi. Kanuni inayojulikana kwa zaidi ya karne moja inasema kwamba kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inashikiliwa na takriban mita 40 za maji matamu chini yake. Igeuze kanuni hiyo uone hatari yake: ukivuta maji hadi kiwango kikashuka kwa sentimita 10, mpaka wa chumvi unaweza kupanda hadi mita 4. Na wavutaji wapo. Utafiti wa Stefan Gössling uliochapishwa mwaka 2001 ulikadiria kwamba mgeni mmoja kwenye pwani ya mashariki hutumia wastani wa lita 685 kwa siku, na hoteli zimeongezeka mno tangu wakati huo. Hapa kipimo cha leo kina kazi leo. Chumvi ikianza kupanda, pampu inapumzishwa, zamu inahamishiwa kisima kingine, na kisima kinaweza kunusurika. Ukingoja hadi watu waonje chumvi kwenye chai, umechelewa kwa miezi.

Na tazama: kisima hakifunikwi na bamvua, hakiotwi vigamba, kinafikika kwa baiskeli, na mara nyingi kina umeme jirani. Kwa redio za masafa marefu kama LoRa, zilizoenea katika miaka ya 2010, kila kihisi kinaweza kuzungumza na kituo moja kwa moja kwa kilomita kadhaa, bila kupitishia kwa mwenzake. Ardhi ya mashariki ni tambarare. Mnara mmoja au miwili ingefikia vijiji vingi. Kwa maneno mengine, matumizi yenye faida kubwa kwetu hayahitaji mtandao unaojipanga hata kidogo. Kujipanga kubaki kwa mahali panapostahili, kama vijito vya mikoko vya Chwaka ambako majani mabichi yanakula mawimbi, msitu wa Ngezi, na mabonde ya Pemba ambako kilima kimoja kinatosha kukata mawasiliano.

Swali linalobaki ni la mwenyewe, na katika nchi yetu lina mafundo yake. Mawasiliano ya redio ni jambo la Muungano, liko chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Hali ya hewa nayo ni ya Muungano, iko chini ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA). Mazingira si ya Muungano, yana mamlaka yake Zanzibar, Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira (ZEMA). Maji yako Mamlaka ya Maji Zanzibar (ZAWA). Mwani uko wizara ya uchumi wa buluu. Kisanduku kimoja kinachopima mvua, chumvi ya kisima na joto la bahari kinagusa ofisi zote tano, na kilicho cha wote hao hakina anayekibadilishia betri. Mfadhili huliruka fundo hili kwa kuweka data kwenye seva yake mwenyewe nje ya nchi. Mradi ukiisha, ada ya seva haikulipwa, na visiwa vinabaki na nguzo. Kwa visima, mwenyewe anajulikana: ni ZAWA, nakala ya data ikae SUZA, na shehia ipewe fungu la kumlipa kijana wake.

Ninavyoona, ugumu halisi utaanza hapo, kwa kuwa kipimo cha chumvi kitaonyesha nani anavuta kiasi gani, na baadhi ya wavutaji ni wawekezaji tunaowahitaji. Mtandao unaopima visima vya vijiji na kuruka visima vya hoteli utakuwa unawahesabia wanakijiji ndoo zao. Mkataba wowote wa vihisi useme waziwazi kwamba visima vyote vya eneo vinapimwa, cha hoteli na cha msikiti sawasawa, na kwamba namba zinabandikwa kila wiki kwenye ofisi ya sheha, kwa Kiswahili, mtu yeyote akazisome. Mfadhili au mwekezaji akilikataa sharti hilo, fedha zile heri zinunue vipimachumvi vya mkono, ambavyo havihitaji redio, na baiskeli kwa kila shehia, na kijana azunguke visima kila Jumamosi na daftari lake.